Bei ya Kuwa Mtu wa Hapa

Novemba 2023, Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya lilitoka na orodha mpya ya bei. Kitambulisho cha kwanza, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa bure, sasa kingekuwa shilingi 1,000. Ukikipoteza, kingine ni 2,000, kutoka 100. Pasipoti ya kurasa 34 ingepanda kutoka 4,500 hadi 7,500. Waziri aliyekuwa nyuma ya bei hizo ni Kithure Kindiki, mzaliwa wa Tharaka, sehemu ambayo hadi 1992 ilikuwa ndani ya Wilaya ya Meru. Watu wakapiga kelele, kesi ikafika Mahakama Kuu, serikali ikarudi nyuma hatua kadhaa. Machi 2024 bei zikapunguzwa: 300 kwa kitambulisho cha kwanza, 1,000 kwa kilichopotea. Mwaka 2025 ile 300 nayo ikasimamishwa, uchaguzi wa 2027 ukianza kunukia. Pasipoti ikabaki 7,500.

Mjadala mwingi ulikuwa wa hesabu tu. Elfu moja ni nyingi au ni kidogo? Tanzania wanalipa ngapi? Lakini kuna swali la zamani zaidi, na watu wa mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya wamekuwa wakilijibu kwa zaidi ya miaka mia moja: unapolipa ili utambuliwe kuwa mtu wa mahali fulani, unanunua nini hasa? Na anayepokea malipo anabaki akikudai, au yeye ndiye anakuwa na deni kwako?

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo historia hii sikufundishwa darasani. Nimeiokota maktaba, kwa wazee, na kwenye makala za wasomi nilizosoma kwa simu nikiwa ndani ya matatu. Na kadiri ninavyosoma, naona Meru na Embu ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hili, kwa sababu hapa kila mtu, ukirudi nyuma vya kutosha, alikuja kutoka kwingine.

Wameru wenyewe husimulia hivyo. Masimulizi yao ya asili yanasema walitoka Mbwaa, kisiwa upande wa pwani, wakikimbia mabwana walioitwa Nguo Ntuni, yaani nguo nyekundu. Walivuka maji, wakatembea vizazi na vizazi, hadi wakafika mlimani. Wanahistoria hubishana Mbwaa ilikuwa wapi, wengine wakitaja kisiwa cha Manda. Mimi kinachonivutia ni kwamba jamii nzima inajitambulisha kwa hadithi ya kuhama. Msingi wa kuwa Mmeru ni kwamba babu zako walikuwa wahamiaji.

Sasa, watu wa aina hiyo walimpokeaje mgeni? Hawakumpokea bure. Kwa Wakikuyu na baadhi ya majirani zao, mtu aliyefika akitaka mahali pa kulima aliitwa muhoi, yaani mwombaji. Alileta pombe kwa mwenye ardhi, akapewa sehemu ya kulima, na akawa mtu wa kuitwa kukiwa na kazi au sherehe. Upande wa Meru kulikuwa na gichiaro, neno linalotokana na kuzaa. Koo au jamii mbili zilifunga undugu wa kiapo, na baada ya hapo hamkuweza kumwaga damu ya mwenzenu wala kumnyima chakula akifika kwako na njaa. Na kama mtu alitaka kupanda ngazi hadi kuingia Njuri Ncheke, baraza la wazee, alitoa mifugo.

Kwa hivyo ada ilikuwepo, tena haikuwa ndogo. Mtu asiye na mbuzi alijua yuko wapi kwenye foleni. Wanawake hawakuwa kwenye foleni hiyo hata kidogo. Kwa hivyo sitaki kupaka rangi zamani ionekane tamu kuliko ilivyokuwa. Lakini ada ile ilikuwa na sifa moja: mbuzi aliliwa, na walaji walionekana. Aliyekula mbuzi wako hakuweza kesho kusema hakujui. Malipo yaliwafunga wote wawili, aliyetoa na aliyepokea.

Halafu Waingereza wakaja. Waliivamia Embu mwaka 1906. Meru walifungua boma mwaka 1908, chini ya ofisa anayeitwa Edward Horne, ambaye wenyeji walimpa jina la Kangangi kwa vile alikuwa hatulii mahali pamoja. Pamoja na boma ikaja kodi ya nyumba, kila nyumba yenye paa, kila mwaka, kwa pesa taslimu. Kulipa kwa mbuzi hakukutosha tena. Ilibidi vijana watoke waende kutafuta pesa kwenye mashamba ya wazungu, na hiyo haikuwa bahati mbaya. Ndiyo ilikuwa shabaha.

Baada ya Vita vya Kwanza ikaja kipande. Sheria ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipoisha. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye jina, alama za vidole, kabila, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kikebe cha chuma alichovaa shingoni. Mwajiri asipoitia sahihi siku unayoacha kazi, wewe ni mtoro. Mwaka 1920 kodi ilikuwa imefika shilingi 16 kwa mwaka, zaidi ya mshahara wa mwezi mzima kwa vibarua wengi wa mashambani. Ndipo Harry Thuku akasimama Nairobi kupinga kodi, kipande na kupunguzwa kwa mishahara. Machi 1922 alikamatwa, umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai, na risasi zikafyatuliwa. Watu wakafa. Baadaye kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Kipande kikabaki hadi 1947.

Angalia kilichobadilika hapo. Kabla ya 1908, ulilipa ili uingie mahali pasipokuwa pako. Baada ya hapo, ulilipa ili uruhusiwe kuwa pale ulipozaliwa, na karatasi uliyopewa ilikuwa ya kumsaidia mwingine akujue, akufuate, akurudishe. Kikebe kile hakikumpa aliyekivaa haki yoyote. Kilikuwa stakabadhi ya deni lisiloisha.

Kuna kisa kingine cha miaka iliyofuata, na nashangaa kwamba hakisimuliwi sana, kwa sababu ni kisa cha uhamiaji kabisa, na kilitokea ndani ya Kenya.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imegawa nchi kuwa rizavu, kila kabila na yake. Kwenye ramani ilipendeza. Lakini rizavu za Wakikuyu zilijaa, kwani ardhi nyingi ilikuwa imechukuliwa na masetla, na familia zilikuwa zinakua. Watu wakaanza kusogea mashariki, kuelekea Embu na Meru, kulikokuwa bado na nafasi. Kwa macho ya sheria, Mkikuyu aliyelima Meru alikuwa mgeni kwenye nchi ya watu, hata kama lugha zinasikilizana na mlima ni ule ule.

Suluhisho la maofisa lilikuwa la ajabu. Mwanahistoria Timothy Parsons alilieleza kwenye makala yake ya mwaka 2012 kuhusu Wakikuyu wa Meru. Serikali iliweka utaratibu wa mtu kuhama kabila. Ukitaka kuishi rizavu ya Meru kihalali, unakubali kuwa Mmeru. Unaacha kuwa Mkikuyu mbele ya sheria, unajiweka chini ya mila na wazee wa Meru, na wao wanakupokea. Kwa lugha ya leo tungesema unakana uraia mmoja ili upate mwingine, na ofisi ya uhamiaji ni Njuri Ncheke.

Njuri yenyewe kwa wakati huo ilikuwa imesukumwa mbele na serikali. Aliyefanya kazi kubwa hapo ni H. E. Lambert, ofisa aliyekuwa DC wa Meru miaka ya 1930. Wasomaji wa Kiswahili huenda mnamjua kwa kazi nyingine, maana ndiye yule Lambert aliyeandika kuhusu lahaja za pwani. Aliona kwamba kutawala kupitia wazee wanaoheshimiwa ni rahisi kuliko kutawala kupitia machifu waliobandikwa tu. Kwa hivyo baraza la zamani likapewa muhuri wa serikali, na mwishowe likawa mlango wa kuingilia.

Parsons anasema waliohamia walikuwa makundi mawili. Kundi la kwanza lilikubali masharti. Wakawa Wameru, wakalima, watoto wao wakakua Wameru. Kundi la pili lilikataa. Walisema wazi kwamba wao ni Wakikuyu na watabaki Wakikuyu, na bado watalima Meru. Hao ndio waliosumbua usingizi wa serikali na wa wenyeji wao pia.

Nimekifikiria kisa hiki kwa muda mrefu. Kwa upande mmoja, wazee wa Meru walikuwa na hoja. Ardhi si ya mpira, na mtu anayekuja kwako akikataa kufuata taratibu za nyumba yako anakuwekea wasiwasi. Kwa upande mwingine, familia ya Kikuyu haikuikimbia Nyeri au Kiambu kwa raha. Ilisukumwa na mipaka iliyochorwa na mtu wa tatu, na mtu huyo huyo wa tatu ndiye aliyekuwa ameketi mlangoni akipanga ada. Wenyeji na wageni waligombania kipande cha ardhi kilichobaki baada ya yeye kujichukulia chake. Hiyo ndiyo gharama isiyoandikwa kwenye orodha yoyote. Bei ya kuingia ilikuwa jina lako, na familia nyingi ziliilipa, kwa sababu watoto lazima wale.

Haikupita miaka mingi, na jina hilo likageuka suala la kufa na kupona. Oktoba 1952 serikali ilitangaza Hali ya Hatari, na katika makaratasi yake makabila matatu yakaunganishwa kuwa fungu moja: Kikuyu, Embu na Meru. Aprili 1954, kwenye Operesheni Anvil, wanajeshi waliizunguka Nairobi na kuwachuja watu wa fungu hilo, maelfu kwa maelfu, wengi wakapelekwa kambi za Langata, Mackinnon Road na Manyani. Vijijini, Embu na Meru pia, watu walilazimishwa kuhamia vijiji vyenye ulinzi, na kandokando ya msitu wa mlima likachimbwa handaki refu kwa jasho la wanakijiji. Kutoka sehemu moja hadi nyingine kulihitaji kitabu cha pasi. Ukikutwa bila, shida ni yako.

Juu ya yote hayo kukawa na bili. Watu wa fungu hilo la makabila matatu walitozwa kodi maalum ya shilingi 20 kwa mwaka ili kusaidia kulipia gharama ya Hali ya Hatari. Yaani walichangia gharama ya kufungwa kwao wenyewe. Kulikuwa na njia ya kutoka: cheti cha uaminifu. Aliyethibitishwa kuwa upande wa serikali alipewa cheti, na cheti hicho kilimwondolea kodi ile, kikamruhusu kusafiri, na baadaye kikampa kura.

Tena kura si jambo dogo. Machi 1957 Waafrika walichagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Kwingine nchini masharti yalikuwa elimu, mali, umri, au utumishi. Katika Mkoa wa Kati uliongezewa sharti la cheti cha uaminifu. Matokeo yake, Wakikuyu wengi walifungiwa nje, na wapiga kura wa Meru wakawa na uzito mkubwa. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza hilo mwaka 1944, alishindwa. Aliyemshinda ni Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru.

Mara nyingi hadithi hii husimuliwa kama aibu ya mtu au ya kabila. Mimi naiona kama somo la karatasi. Mtu aliyekuwa na cheti na mtu aliyekikosa walikuwa majirani, pengine ndugu. Kilichowatenganisha ni maoni ya kamati na muhuri. Na aliyekuwa na cheti naye alilipa, kwa sababu kila mtu kijijini alijua cheti hutolewa kwa nini. Kuna boma ambazo hadi leo hazisalimiani vizuri, na wajukuu hawajui sababu.

Uhuru ulipofika 1963, Embu na Meru zilitolewa Mkoa wa Kati zikawekwa Mashariki. Katiba mpya ilisema aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja naye akazaliwa Kenya, ni raia moja kwa moja. Wengine wenye sifa walipewa miaka miwili, hadi 12 Desemba 1965, waombe. Wenye maduka ya Kihindi kwenye miji yetu midogo walikuwa kati ya waliotakiwa kuamua haraka. Waliochelewa walikutana na sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za 1967, na wengi wakafunga maduka wakaenda zao.

Kwa wengi wa watu wa huku, uraia ulikuja bila foleni. Lakini karatasi ya kuuthibitisha ilikuwa ya wanaume pekee. Sheria ya vitambulisho iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni haikuwaandikisha wanawake hadi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1978. Nyanya yangu alipata kitambulisho chake cha kwanza akiwa tayari amezaa watoto sita. Nilipomuuliza kabla ya hapo alikuwa akijitambulisha vipi, alicheka. Alisema, "Nani angeniuliza? Kila mtu alijua mimi ni bibi ya nani."

Jibu lake lina ucheshi, lakini pia ni ushahidi. Miaka 15 baada ya uhuru, serikali ilimjua nyanya kupitia mume wake.

Leo tuna Katiba ya 2010, na Ibara ya 12 iko wazi: kila raia ana haki ya kupata pasipoti ya Kenya na hati yoyote ya usajili au utambulisho ambayo serikali hutoa kwa raia. Neno lililotumika ni haki. Mwaka 2011 ikapitishwa Sheria ya Uraia na Uhamiaji. Kwenye karatasi, mambo ni safi.

Sasa mchukue kijana wa miaka 18 kutoka Ishiara au Marimanti. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hivyo hana M-Pesa yake. Hawezi kuomba mkopo wa HELB, kufungua akaunti, kupiga kura, wala kuajiriwa mahali popote panapoandika majina. Hata ada ikiwa sufuri, kuna nakala ya cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, barua ya chifu, nauli ya kwenda na kurudi, na kama afisa hayupo, nauli ya kurudi tena. Kama ukoo wake ni wa Kinubi, au jina lake linasikika kama la watu wa upande wa Isiolo, anaweza kuulizwa maswali ambayo mwenzake wa Nkubu haulizwi. Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za watoto ilishaiambia Kenya mwaka 2011 kwamba ilivyowatendea watoto wa Kinubi haikuwa sawa.

Akitaka pasipoti, kwa sababu amesikia kuna kazi Qatar au Saudia, ofisi ya pasipoti iko Embu mjini. Atalipa 7,500, pamoja na shilingi 50 za eCitizen, na za yule wa saiba anayemjazia fomu. Kwa mtu anayelipwa kwa siku kuchuma miraa Igembe au kuvuna mchele Mwea, hizo ni siku nyingi za kazi. Anazitoa kabla hajajua kama kazi yenyewe ipo.

Serikali husema hati hizi ni ghali kutengeneza, na ni kweli kwamba karatasi ya usalama haiokotwi barabarani. Pesa hiyo lazima itoke mahali. Lakini ile hoja ya gharama, ukiisikiliza kwa sikio la Meru na Embu, inafanana na kitu. Ni hoja iliyotumika kwa kodi ya nyumba: boma lina gharama. Ni hoja iliyotumika kwa ile shilingi 20 ya Hali ya Hatari: usalama una gharama. Kila mara anayelipa ni yule ambaye hawezi kusema "basi, nimeacha". Mtu anaweza kuacha kununua sukari. Hawezi kuacha kuwa mtu wa mahali.

Kwa hivyo nadhani kuuliza ada iwe elfu moja au mia tatu ni kuanzia mbali na shina. Wazee waliopokea mbuzi walijua kwamba wakimla, wamekubali. Kuanzia siku hiyo, mgeni akinyimwa chakula, aibu ni yao. Ukilipa 7,500 kisha pasipoti ikacheleweshwa miezi, na ile kazi ya ng'ambo ikapewa mtu mwingine, nani anaona aibu? Ukipeleka fomu ya kitambulisho na ikapotea, nani anakudai msamaha? Risiti inasema umelipa. Haisemi aliyepokea amekubali nini.

Katiba imelisema hilo tayari, kwenye ile Ibara ya 12, na waliopigwa risasi mwaka 1922 walilisema kabla yake. Anayezaliwa Chuka, Maua, Siakago au Runyenjes hakuja kuomba. Deni la karatasi yake liko upande wa pili wa kaunta.